Seleni ya Jeruto, Siku ya Kumuaga Mwalimu Murunga

Jeruto amechaguliwa! Niliambiwa nianze na salamu, lakini habari kama hii ikikaa mdomoni inachoma. Muziki wa binti yangu Jeruto, alioutunga bila neno hata moja, utapigwa Nairobi mwezi wa kumi, katika ukumbi mkubwa, na watu wengi wenye fidla na tarumbeta, wote wakimwangalia yeye amesimama mbele na kijiti chake cha kuwaongoza. Simu iliingia leo asubuhi nikikamua. Maziwa yalimwagika na wala sijali.

Sasa salamu. Mheshimiwa MCA, mwakilishi wa wadi yetu, Chifu, Mchungaji na mama mchungaji, Mzee Kimutai mwenyekiti wa wazee wa kanisa na mwenye ufunguo wa ukumbi huu tulimokaa, walimu, wazazi wenzangu, ndugu zetu mliotoka kwenye baridi ya Timboroa na bado hamjavua makoti, na zaidi ya wote wewe Mwalimu Murunga unayestaafu leo: hamjambo? Sijasikia. Hamjambo? Haya, hapo sawa.

Mimi niliishia darasa la saba, kwa hivyo sitawachosha na maneno makubwa. Nimetumwa na wazazi niseme kwamba Mwalimu Murunga ametufundishia watoto muziki, na amewafundisha kweli. Hata yule asiyejua kuimba alitoka kwake akijua kunyamaza kwa mpangilio. Lakini mwalimu anasifiwa kwa nini, kama si kwa mtoto? Na mtoto niliye naye karibu, mtaniwia radhi, ni wangu. Huko Kaptagat watoto wa wenzetu wanakimbia mpaka ng'ambo, wanatuletea medali, na sisi tunawapigia makofi. Wangu hata kengele ya shule ilikuwa inamwacha njiani. Lakini leo jina lake limefika Nairobi, na yeye hata hajainuka kwa kiti. Simama Jeruto wakuone. Kaa, usijivune, hiyo kazi ni yangu.

Muziki wenyewe unaitwa Seleni. Wafugaji mnaijua, ni yale madini ya kwenye chumvi ya ng'ombe. Jeruto akiwa kidato cha pili, ng'ombe wetu Chelel alizaa ndama mzuri wa macho, lakini miguu ilikuwa kama kitambaa. Hawezi kusimama. Daktari Oyugi wa mifugo akaja, akamshikashika, akaniambia, "Mama, udongo wa hapa kwako umepungukiwa na seleni. Nyasi hazina, ng'ombe hana, huyu ndama angetoa wapi?" Akamchoma sindano, akatuambia tungoje.

Siku hiyo Mwalimu Murunga alikuwa amekuja kumfundisha Jeruto litungu, ile ala ya nyuzi ya kwao Bungoma. Wakaketi hapo kando ya zizi, wanadonoa nyuzi. Nikapandwa na hasira. "Mwalimu, mtoto wa ng'ombe anakufa, na wewe unapiga muziki?" Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Sasa Mama Jeruto, ulitaka nipige nini? Kofi?"

Ndama hakufa. Baada ya siku chache alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena, akasimama akitetemeka. Jeruto akakimbilia litungu, akamfuata kwa nyuzi: akianguka, nyuzi zinaanguka; akiinuka, zinainuka. Mwalimu, aliyekuwa amerudi kumfundisha, akacheka mpaka akashika uzio.

Miaka ikaenda. Jeruto akaingia chuo kikuu hapo Kesses kusomea kemia. Akanipigia simu: "Mama, unajua ile dawa ya ndama ina jina la mwezi? Ule wa angani!" Aliyeigundua, anasema, aliona inafanana na madini mengine yaliyopewa jina la dunia, akaamua hii aipe la mwezi. Tena ikiwa gizani inauzuia umeme, ikimulikwa inauachilia upite. Mimi nikamuuliza, mwanangu, hayo yote yako ndani ya chumvi yangu? Ndipo akaanza kutunga: mwanzo ni litungu peke yake, chini chini, kama giza, halafu mwezi unachomoza, fidla zinaachiliwa moja moja, na katikati, ndama anajaribu kusimama.

Nilitangaza kila mahali kwamba mtoto wangu ametunga Seleni. Mama Musimbi, uko hapo, usijifiche nyuma ya kofia. Si ni wewe ulisema mbele ya watu, "Wimbo wa chumvi ya ng'ombe? Basi wangu atatunga wa dawa ya kupe!" Endelea kungoja kupe wako, dada. Wangu amefika.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jeruto hataki Nairobi iwe ya kwanza. Anataka tuusikie sisi kwanza, katika ukumbi huu, na litungu apige Mwalimu Murunga. Huko Nairobi wana mpigaji wao. Na Mwalimu mwisho wa mwezi huu anafunga mizigo anarudi Bungoma. Tukichelewa, muziki uliozaliwa mikononi mwake atausikia kwa simu.

Tuliomba ukumbi zamani, hata kabla ya simu ya leo. Wazee wakasema, "Muziki bila maneno, tutajuaje unamsifu nani?" Nikasema sawa, tuweke maneno. Mimi na akina mama wa kanisa tukaweka, tena matamu, ya kumshukuru Mungu kwa ndama. Jeruto akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia polepole, "Mama, ukiweka maneno hapo, watu watasikia maneno. Ndama hawatamsikia."

Nikaenda kwa Biblia. Daudi alipompigia Sauli kinubi na yule pepo akaondoka, ni maneno gani aliimba? Nimesoma na miwani, nimesoma bila miwani. Ni kinubi tu! Na ng'ombe wako akilia zizini, Mzee Kimutai, huwa ana maneno? Si unaamka na unajua anataka nini?

Tena Mzee, nakuheshimu, lakini hili nitalisema mbele ya Mheshimiwa. Juzi pale tunapopeleka maziwa, niliucheza huo muziki kwa simu yangu, kile kipande cha ndama alichonirekodia Jeruto kwa litungu. Ulikuja na mtungi wako, hukujua ni wa nani. Ukasimama. Foleni ikakupita, vijana wakakupita, wewe umesimama na mtungi mkononi. Mimi nikataka kuzima, ukanishika mkono ukasema, "Wacha kwanza. Wacha amalize kuinuka." Nani alikuambia kuna mtu anainuka, Mzee? Nani alikupa maneno?

Mnacheka, lakini mwangalieni. Mzee ameweka mkono mfukoni. Anatoa nini? Ufunguo! Anampa Mwalimu Murunga! Pigeni makofi, pigeni vigelegele, Mungu akubariki Mzee wangu, leo umekuwa baba wa Jeruto.

Asanteni kwa kunivumilia, maana najua nimesema machache ya Mwalimu na mengi ya mtoto. Mwalimu, kaza nyuzi. Wengine wote, bila udhuru wa kukamua, kamueni mapema: Seleni itapigwa hapa Jumamosi, tarehe ishirini na sita mwezi huu wa tisa, saa kumi na mbili jioni, mwezi ukichomoza umejaa.