Hatua za Babu Si Mita

Jumanne tarehe 9, saa mbili na robo asubuhi, jembe la trekta lilipasua jiwe namba 14 kwenye shamba la mahindi. Ng'ombe wa pembe ndefu na ndama wake, waliochongwa juu yake na watu ambao hawakujua chuma, sasa ni vipande 37. Nimevihesabu mwenyewe. Siku tatu baadaye, leo Ijumaa, mlinzi wa mawe yetu ya michongo anastaafu baada ya miaka 31.

Tunamwita Babu Hatua. Aliajiriwa kufyeka nyasi, kama mimi nilivyoajiriwa kufagia kabla ya kukabidhiwa stoo. Hakuna aliyemfundisha kwamba mchongo hujitokeza jua likiwa bado chini, ukiulowesha maji kidogo. Katika mawe 63 tuliyonayo, 41 aliyaona yeye. Wakulima walimtania, "Babu, mawe yako yamezaa?" Naye akijibu, "Yamezaa, ila hayanyonyi." Kwa utani huo walimwachia njia mashambani mwao miaka yote.

Mawe 23 yaliyokuwa yakiliwa na mvua na kwato aliyafukia kwa udongo, akaandika kwenye daftari yalipo. Namba 14: kutoka kona ya uzio kuelekea kisimani, hatua 60. Mwezi uliopita ofisi yetu ya mambo ya kale ililichukua daftari ili wapimaji wapige vigingi vya kuwaonya madereva. Kila palipoandikwa hatua, wao wakasoma mita. Babu ni mfupi. Hatua zake 100 ni mita 68. Nimevuta utepe mara tatu. Kwa hiyo kigingi kilikaa mita 19 kupita jiwe. Aliwaambia hapo hapo kwamba ni hatua, si mita. Akajibiwa, "Mzee, nenda kapumzike, yako umeshamaliza."

Dereva alilima pale kigingi kilipomruhusu. Alizima trekta akaja stoo, akaniambia: "Mama Stoo, nimemuulia Babu ng'ombe wake." Babu hakumgombeza. Aliomba ndoo mbili, akapiga magoti, akaokota hadi vijipande vya ukubwa wa ukucha. Jioni ikaja taarifa ya ofisi: chanzo, uzembe wa mlinzi. Maneno matatu kwa miaka 31.

Babu, asante. Ulitufundisha kuinama kabla ya kukanyaga. Nenda nyumbani ukiwa na afya, wajukuu wakuchoshe wao sasa, si mawe.

Na kwako, Mkurugenzi, uliyeketi meza ya mbele na nakala ya hotuba hii mkononi. Mawe 22 bado yako chini ya udongo, na vigingi vyake vyote vimepotoka kwa hesabu ile ile. Trekta zinarudi Jumatatu saa moja asubuhi. Babu amekubali kuyatembelea kesho, hatua kwa hatua, bila kuombwa mara mbili. Vigingi vipya 22 nimeshavitoa, viko mlangoni. Kinachokosekana ni ruhusa yako. Vipigwe, ndiyo au hapana? Stoo inafungwa saa kumi jioni leo. Nataka jibu kabla sijageuza ufunguo.