Aidani na Ubavu wa Mtumbwi

Marehemu Aidani Komba alizaliwa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, tarehe 9 Machi 1976, mtoto wa Mzee Mathias Komba na Mama Walburga. Mjomba wake alimfundisha kupiga kasia, na kugonga ubavu wa mtumbwi apitapo penye viboko, ili wajue mtu yupo wasije wakamwibukia.

Alisoma Peramiho, kisha chuo cha utalii Arusha. Mwaka 2005 alifunga ndoa hapa Songea na Ludovika Haule, wakajaliwa Noela na Rupert.

Mwaka 2009 alipata kazi ya kuongoza watalii kwa kayaki, mitumbwi myembamba ya plastiki, katika bahari ya barafu ya Antaktika. Majirani wa mtaani kwake Majengo walidhani anawapiga fiksi. Huko wanyama hutazamwa kimyakimya. Aidani alipomwona sili wa kwanza, mnyama wa baharini mnene kama kiboko, mkono wa Liuli ukamponza, akagonga. Pengwini wote wakatimkia majini, wageni wakanuna, mkuu wake akamkaripia.

Januari 2014 barafu ilijifunga nyuma ya Aidani na wageni wake, ukungu ukatanda, redio ikanyamaza. Aidani aligonga kayaki hadi viganja vikachubuka, mpaka boti ya meli iliyowaleta ikajibu kwa kugonga na kuifuata sauti.

“Mama Noela, barafu haikunitisha,” alimwambia mkewe kwa simu. “Kilichonitisha ni kugonga bila kujibiwa.”

Juni 2023 kiharusi kilimlaza. Mwili ukagoma, ulimi ukafungwa, akili ikabaki nzima ndani. Akawa mfungwa wa kitanda, akigonga mbao zake kwa mkono wa kushoto. Ndugu walimletea maji, wakamletea uji, wakamgeuza, wakamwashia televisheni. Yeye alilia, akazidi kugonga. Kusema kweli, walimtesa kwa huruma yao.

Jioni moja Ludovika, akiwa amechoka kabisa, aliketi kando yake akagonga na yeye. Aidani akatulia, akamshika mkono. Tangu hapo, hata akiwa jikoni anasonga ugali, Ludovika alimjibu kwa mwiko kwenye sufuria.

Asubuhi ya tarehe 18 Februari 2025 Aidani aligonga. Ludovika akajibu kutoka jikoni. Aidani hakugonga tena.

Ameacha mjane, watoto wawili, Mama Walburga na dada yake Hilda. Kabla jeneza halijashushwa, Ludovika ameomba aligonge ubavuni, Aidani ajue watu wapo.

Ee Bwana, kuanzia hapa mjibu wewe, naye apumzike.