Novatus Masunga: Miaka Thelathini na Minane Pembeni ya Picha

Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, Mzee Novatus Masunga atakabidhi funguo za chumba cha picha na kustaafu kwa mujibu wa sheria, akiwa ametimiza miaka sitini. Aliripoti hapa Kituo cha Mafunzo ya Wakulima Lwande siku ya Jumatatu, tarehe 3 Agosti 1987. Hiyo ni miaka thelathini na minane na siku hamsini na nane. Siku hizo hamsini na nane hatukuziacha, kwa sababu yeye mwenyewe asingeziacha.

Wafanyakazi wapya wanamfahamu kama mzee wa video za mtandaoni. Watu wazima wa vijijini, kuanzia Migato alikozaliwa hadi Sapiwi, wanamwita Sinema.

Jina hilo lilitokana na kazi yake ya kwanza. Aliajiriwa kuwa msaidizi kwenye gari la sinema la Kituo, Land Rover iliyobeba projekta, jenereta, kitambaa cheupe na kipaza sauti. Walizunguka vijijini kuwaonyesha wakulima filamu za pamba na mifugo. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza, na zile za Kiswahili zilikuwa na Kiswahili cha kasi ambacho wazee wengi wa wakati ule hawakukifuata. Fundi wa projekta akawa anafunga sauti ya filamu kabisa, na Novatus, kijana mwenye sauti ya kwaya, anasimama pembeni ya kitambaa na kueleza kwa Kisukuma kila kinachoonekana. Hakuwa mkalimani, maana Kiingereza chenyewe kilimpita kushoto. Alieleza alichokiona, na pamba alikuwa anaijua.

Watazamaji wake hawakuwa watu wa kukaa kimya. Funza wa pamba akipita kwenye kitambaa walipaza sauti wakitaka filamu irudishwe, wamtazame tena. Filamu ya dakika kumi ilichukua saa nzima. Mwaka 1989, palepale kwao Migato, walimtaka asimamishe picha kabisa, funza abaki pale wamkague vizuri. Fundi alikuwa ameenda kuongeza mafuta kwenye jenereta, na Novatus, kwa kuwaheshimu wazee wake, akasimamisha. Taa ya projekta ilikuwa ya moto sana. Baada ya muda mfupi katikati ya funza kukatokea doa la kahawia, likapanuka, filamu ikaungua, na funza mzima pamoja nayo, mbele ya kijiji kizima. Watu wakapiga makofi wakidhani hiyo ndiyo dawa yenyewe. Barua yake ya maelezo kwa mkuu wa Kituo bado imo kwenye faili lake, ukurasa mmoja na nusu, na inamaliza kwa kusema kwamba mafunzo yalieleweka.

Gari lilikufa mwaka 1996. Zikaja kanda za video na televisheni, baadaye sahani za DVD, baadaye kompyuta, na kila kilipokuja kifaa kipya yeye ndiye aliyekisoma kwanza. Mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2012 na karatasi za barua zenye jina la Shinyanga zikawa hazina kazi, alizikata vipande na kuzigeuza lebo za kanda. Mpaka leo hakuna waya chumbani kwake usio na lebo. Ekstensheni yake hakuwahi kumwazima mtu, hata mkuu wa Kituo, na wakuu sita wamejaribu.

Tarehe 20 Novemba 2018 tulikuwa na semina. Mmoja wa wageni alikuwa Mwalimu Goodness wa Dodoma, ambaye muda wake wa ziada anautumia kwa kujitolea kwenye kamusi elezo huru ya mtandaoni. Alitueleza kwamba makala kuhusu wadudu wa pamba kwa Kiswahili ilikuwa na mistari mitano na haikuwa na video hata moja, na kwamba video ikiwekwa pale yeyote ataitazama na kuitumia bure. Mzee Novatus alinyoosha mkono. Aliuliza kama mtazamaji anaweza kuisimamisha na kuirudisha bila kuungua. Ukumbi ulicheka, isipokuwa yeye. Goodness alimjibu kwamba anaweza, hata mara mia. Kesho yake Mzee alikwenda kuomba kamera.

Kwa somo la kuhesabu funza alimtaka mtu mmoja tu, naye ni Mayu Salu, yaani Mama Salu, wa Sapiwi. Wenzetu wasio wa shamba waelewe kwamba mkulima wa pamba hapigi dawa kwa hasira. Anakatisha shamba kona hadi kona akiwa na ubao wenye matundu, anakagua miche thelathini, na kila akikuta funza wa vitumba, yule anayetoboa matunda ya pamba, anasogeza kijiti tundu moja mbele. Kijiti kikifika mstari mwekundu anapiga dawa. Kisipofika, anarudi nyumbani na dawa yake. Wengi wetu tunahesabu hata wadudu wasio na kosa. Salu alikuwa hakosei, na mabwana shamba watatu wamejifunza kwake.

Lakini alikuwa amechoka kufundisha. Watu walikuja, wakaondoka, wakasahau, wakarudi. Alikataa mara mbili kupigwa picha. Mara ya tatu, tarehe 12 Februari 2019, alikubali kwa sharti moja.

"Mniweke mahali ambapo mtu akitaka nirudie, narudia," alisema. "Nikiwepo au nisipokuwepo."

Mzee Novatus alimuahidi, na kamera ikawashwa. Katikati ya video ile Salu anasogeza kijiti, anamtazama tena mdudu, anagundua si funza, anacheka na kukirudisha kijiti nyuma. Baadhi yetu tulishauri sehemu hiyo ikatwe, isije ikamwaibisha. Mzee alikataa katakata.

Baada ya hiyo tulirekodi nyingine za kilimo na mifugo, zikafika thelathini na nane, na kuhariri tulimpa Thomasi, mwenye studio ya video za harusi karibu na stendi ya Bariadi. Kosa lililofuata lilikuwa letu sote. Thomasi alifanya kazi kwa moyo, kama anavyowafanyia maharusi. Mioyo myekundu ilielea kwenye kona za picha wakati ng'ombe wanaogeshwa dawa ya kupe. Video ya kusia mpunga ilianza kwa neno Hongera. Chini ya zote thelathini na nane aliweka wimbo mmoja wa harusi unaopendwa sana kanda hii, akitueleza kwamba video isiyo na muziki watu watadhani imeharibika. Hapa Kituoni tulizitazama, tukapiga makofi, na baadhi yetu tuliimba. Kufikia mwishoni mwa 2020 zote zilikuwa kwenye kamusi elezo.

Mayu Salu alifariki tarehe 9 Januari 2021. Msibani bintiye Benedikta alitushukuru kwamba sauti ya mama yake imebaki.

Jumatatu, tarehe 7 Juni 2021, ulikuja ujumbe kutoka kwa watu wa kujitolea wa kamusi elezo. Ulikuwa wa adabu. Ulieleza kwamba wimbo ule una mwenyewe, kwamba pale hapawekwi kazi ya mtu ambaye hajaitoa kwa hiari yake, na kwamba video zote thelathini na nane zitaondolewa baada ya siku saba. Goodness alipiga simu jioni ileile akatuambia hata yeye hana la kufanya, kwa sababu kanuni hiyo ndiyo inayoilinda kazi ya kila mtu, pamoja na ya kwetu.

Jumanne asubuhi Mzee Novatus alikuwa mlangoni kwa Thomasi kabla studio haijafunguliwa. Alitaka picha za awali, zile kabla ya wimbo. Thomasi hakuwa nazo. Kadi za kamera zilikuwa chache na harusi zilikuwa nyingi, akafuta. Alikaa kwenye kiti cha kupigia picha za pasipoti akashika kichwa. Mzee hakumgombeza. Alimwomba tu aondoe mioyo, na afunge sauti ya video zote isipokuwa moja. Thomasi alifanya kazi hiyo siku mbili bila kudai kitu.

Iliyobaki ilikuwa ya Salu. Sauti yake na ya wimbo zilikuwa zimeshikana, hakuna aliyeweza kuzitenganisha. Kufunga sauti kulikuwa na maana ya kumnyamazisha, na kuiacha kulikuwa na maana ya kumpoteza kabisa. Jumatano Mzee alipanda basi kwenda Mwanza kumtafuta mwenye wimbo. Alimpata, akakaribishwa soda, wakatazama video pamoja hadi mwisho. Mwimbaji yule alicheka kijiti kiliporudishwa nyuma. Kisha alieleza kwa upole kwamba kuutoa wimbo ili yeyote autumie popote, hata kibiashara, hataweza, kwa kuwa ndio unaolisha nyumba yake. Mzee alirudi Alhamisi akatuambia mwenye wimbo ana haki. Hatukuwahi kumwona amekaa ofisini bila kufanya kitu isipokuwa mchana ule.

Ijumaa alitoa stoo kile kipaza sauti cha gari la sinema, akakifuta vumbi. Hakikuwa kinawaka. Alikitazama tu, kisha akasema anakwenda Sapiwi.

Jumamosi, tarehe 12 Juni, tulikwenda naye. Alimweleza Benedikta kila kitu, na akamwomba aseme yeye badala ya mama yake. Benedikta alikataa. Alisema mdomo wa mama utacheza na sauti ya mwingine itatoka, na yeye hataki kumsemea marehemu. Shemeji zake waliokuwa pale walimuunga mkono. Mzee hakubishana. Aliwasimulia kuhusu gari la sinema, na mmoja wa shemeji, mtu mzima, akakumbuka kuwa aliliona akiwa mtoto, akakumbuka na funza aliyeungua. Uwanja ukacheka. Ndipo Mzee akamgeukia Benedikta.

"Husemi kama yeye, mayu. Unasimama pembeni yake, unawaambia watu anafanya nini."

Benedikta aliomba atazame kwanza. Alitazama mara tatu yenye sauti na wimbo wake. Ya nne akataka sauti ifungwe. Picha ilianza, Salu akaingia shambani na ubao wake, na Benedikta akaanza kueleza kwa Kisukuma, taratibu, kama anayemwonyesha mgeni mama yake kwa mbali. Alipofika kwenye kijiti, alicheka. "Hapa mama amekosea," alisema. "Mwoneni, anakirudisha." Hatukurudia kurekodi. Baada ya chai alieleza tena kwa Kiswahili. Video yenye sauti ya Salu pamoja na wimbo wa harusi ilibaki kwake kwenye flashi, na anatuambia huwa anaisikiliza.

Jumapili mchana, siku moja kabla ya muda kuisha, video ya Salu iliwekwa upya kwenye kamusi elezo pamoja na zile zilizofungwa sauti, ikiwa haina cha mtu.

Yaliyofuata hatukuyapanga. Nakala isiyo na sauti, tuliyoiweka pamoja na yenye masimulizi ya Benedikta, iligeuka kuwa nafasi wazi. Watu wa kujitolea wa nchi nyingine zinazolima pamba walianza kuichukua na kueleza kwa lugha zao, na leo Mayu Salu anaelezwa kwa lugha saba. Mzee Novatus amesikiliza zote, na tano kati yake haelewi neno hata moja. Anasema haimpi shida, kwa kuwa katika zote saba msimulizi anacheka mahali palepale.

Kisha yeye na Goodness walizikata video ndefu kuwa vipande vya dakika moja au mbili, ili zifunguke kwenye simu ya mkulima yenye bando dogo. Mwaka 2023 wakaandaa zoezi la kuhesabu funza kwenye simu. Msomaji anaona mche wa pamba, anagusa wadudu, na kijiti kinasogea kwenye ubao. Mtaalamu wa kompyuta aliyelitengeneza alikuwa ameweka alama ya kosa, nyekundu, yenye mlio. Mzee alikataa kama alivyokataa ile picha kukatwa. Aliandika ujumbe mrefu kueleza kwamba mkulima akipigiwa mlio wa kosa anafunga simu. Sasa ukimgusa mdudu asiye na hatia, kijiti kinarudi nyuma kimyakimya, unaendelea. Msimu uliopita mabwana shamba wa Itilima walilitumia zoezi hilo kufundishia, na Thomasi, ambaye sasa ni mmoja wa watu wa kujitolea wa kamusi elezo, hukagua video mpya kama zina wimbo wa mtu. Ni mkali kuliko wote.

Video thelathini na saba nyingine zimepata wasimuliaji wake, isipokuwa nne. Orodha ya hizo nne Mzee ameibandika ukutani chumba cha picha, kwa lebo za Shinyanga, na tarehe iliyopendekezwa mbele ya kila moja. Tumeiona, Mzee. Tutazifanya.

Ijumaa hii, tarehe 26 Septemba, baada ya chakula cha mchana, tutakutana ukumbini kwa ajili ya kumuaga. Benedikta atakuja kutoka Sapiwi, na Goodness kutoka Dodoma. Kitambaa cheupe cha gari la sinema kimefuliwa, na fundi wa simu wa sokoni amefanikiwa kukiwasha kile kipaza sauti. Tutaonyesha video ya Mayu Salu. Tutafunga sauti. Pembeni ya kitambaa tutaacha nafasi ya mtu mmoja kusimama, na ekstensheni itakuwa yake.

Mzee Sinema, wabeja, asante sana. Umetufundisha kueleza tunachokiona na kutomwonea aibu mtu anayerudisha kijiti nyuma. Tunakuombea afya njema, mvua za wakati huko Migato, na wajukuu wenye maswali mengi. Sisi nasi tutakuja kukutembelea, na tukikuomba urudie, urudie.