Ishbel Rennie, Aliyetaka Kuolewa kwa Maneno Yake Mwenyewe
(3 Machi 1971 – 22 Machi 2025)

Ndugu na majirani, poleni na mvua. Anayeongoza mazishi haya ni Bi Rhona Buchan, mfungishaji ndoa, yule yule aliyekuwa amfungishe Ishbel ndoa tarehe 10 Mei. Tuliseme mapema, maana kila mtu hapa analijua na hakuna anayejua pa kutazama.

Ishbel alizaliwa mjini Kelso, katika nyumba iliyo juu ya bucha la baba yake, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Archie Rennie na Mama Netta, aliyekaa hapa mbele. Alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili. Mama husema, "Yule hakuwa na haraka na dunia."

Alisoma Kelso, kisha chuo cha ufumaji Galashiels, akahitimu mwaka 1991. Kabla ya hapo, akiwa bado msichana, alimfumia sweta dada yake Elspeth, ndiye anayesoma maneno haya, aliyekuwa amealikwa dansi na kijana wa duka la viatu. Basi limesimama, Elspeth yuko mlangoni, na mdogo wake anaifumua kola kwa mara ya tatu.

"Imekaa sawa, niachie!"

"Haijakaa sawa. Hebu simama wima, wewe."

Basi likaondoka. Kijana akacheza na mwingine, na huyo mwingine ndiye aliyemwoa. Sweta lipo mpaka leo, na kola yake, kusema kweli, haina dosari.

Kwa zaidi ya miaka thelathini alifanya kazi katika kiwanda cha vitambaa vya sufu. Alipitisha vidole juu ya kitambaa kilichotoka mtamboni, akatafuta uzi uliokatika, akaurudisha kwa sindano pasionekane kitu. Ukimuuliza kama amemaliza, jibu lilikuwa moja, na wenzake wakambandika jina la Bibi Bado. Alilipenda, tena akalishonea kwenye aproni yake.

Mwaka 2010 bomba la mvua lilimwagikia sebuleni kwake, akaja Dougal Tait, fundi wa mapaa. Paa lilipona, fundi hakuondoka. Waliishi pamoja miaka kumi na minne bila cheti wala ugomvi wa maana. Dukani mtu akimwita Bi Tait, Ishbel alimkatiza pale pale: "Bado. Usiniite mke wa mtu mpaka niseme maneno yangu." Tarehe 29 Februari 2024, siku ambayo kwa desturi ya kwetu mwanamke ana ruhusa ya kuposa, alimposa Dougal juu ya ngazi, naye karibu aanguke.

Hakutaka kanisa. Mama Netta alinuna. "Harusi bila mchungaji? Hiyo si ndoa, ni mandari."

"Mama, wewe uliapa kwa maneno ya watu wengine. Unayakumbuka?"

"Nayakumbuka ya kutosha. Si nilimvumilia baba yako?"

Tangu hapo Bi Rhona alikuja Jumapili kwa Jumapili, chai na biskuti za siagi mezani, wakaipanga harusi. Walichagua msitu wa mibetula kando ya mto Tweed, mwezi wa maua ya bluu. Walichagua kikombe cha fedha chenye mikono miwili, wanywe wiski pamoja, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa kikombe. Utepe wa kuwafunga viganja wakati wa kuapa Ishbel aliufuma mwenyewe, akaufumua, akaufuma tena. Kwa utaratibu wa Bi Rhona, kila mmoja huandika kiapo chake bila kumwonyesha mwenzake. Dougal alimaliza jioni moja.

"Na wewe, Ishbel?"

"Bado."

Walicheka sana Jumapili zile. Hatukuwahi kumwona na furaha kama ile.

Novemba mwaka ule alikutwa na saratani ya kongosho, imekwisha kusambaa. Bi Rhona hakuzunguka: "Tuifanye harusi wiki hii, hapa hapa. Msajili wa ndoa atatuharakishia."

Ishbel alikataa. "Sitaki kuolewa kwa kuhurumiwa, nimevaa gauni la hospitali. Mei naiona kutoka hapa."

Hakuiona. Dougal hakumshurutisha, na sisi wengine tulinyamaza, tukaiita heshima. Ilikuwa woga. Kila mmoja wetu alihofu kwamba harusi ikishapita, Ishbel hatabaki na kitu cha kungojea. Elspeth alimkasirikia mdogo wake wakati ule, na bado amemkasirikia, na anampenda mno. Jumapili ziliendelea pembeni ya kitanda. Aliposhindwa kushika kijiko, Dougal alileta kile kikombe, akamnywesha supu ya dengu, yeye ameshika mkono mmoja na Ishbel mwingine. Katika yote waliyopanga, hilo ndilo pekee lililofanyika.

Katikati ya Machi alimwambia Dougal, "Mwite Rhona. Nitasema lolote." Bi Rhona alipata kibali cha msajili, akafika Ijumaa na suti yake ya harusi. Lakini maumivu yalikuwa yamezidi usiku wa kuamkia siku hiyo, dawa imeongezwa. Bi Rhona akainama.

"Ishbel, unajua leo tunafanya nini?"

Ishbel akashika ukosi wa shati la Dougal. "Kola," akasema. "Haijakaa sawa."

Alimuuliza tena, kwa upole, akapata jibu lile lile.

"Yasome tu hayo maneno, Bi Rhona," Dougal akamsihi, machozi yanamtoka. "Nani atajua?"

"Siwezi, Dougal. Lazima ajibu mwenyewe." Akavua koti lake la harusi, akakaa nasi mpaka jioni, akilia kama sisi. Ishbel hakusema neno jingine. Alifariki siku ya pili yake, Jumamosi, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Kiapo chake hakikuandikwa hata mstari.

Ameacha mama yake, Netta. Dada yake, Elspeth. Mpwa wake, Struan. Na Dougal Tait. Msishangae jina hilo kuchapwa peke yake kwenye karatasi ya mazishi. Mama Netta mwenyewe alisema, "Mwandike mume, nani atakataa?" Ni Dougal aliyekataa. "Andika Dougal tu, Mama. Alisema bado."

Sasa tutamteremsha. Kamba ya kwanza ya jeneza, ya kichwani, kwa desturi yetu ni ya mume, na asipokuwepo mume, ni ya mzazi. Mama Netta ameishika tangu tutoke nyumbani. Hivi sasa anampa Dougal.

Ishbel, hukumaliza, na hakuna kati yetu anayeweza kukumalizia. Pumzika hivyo hivyo.