Bi Tabia na Mwenye Upawa

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1972, Bi Tabia Msabah anastaafu baada ya miaka ishirini na mitano ya uuguzi. Kumi na mitatu aliifanya mjini, wodi ya wazazi. Iliyobaki yote ameitumia katika kliniki yetu ndogo ya mama na mtoto huku kaskazini.

Wageni wa kazi walimwogopa. Chai hainywewi mpaka mtoto wa mwisho apimwe uzito, na hakuna aliyethubutu kuuliza saa. Uji wa kuwafundishia kina mama aliupika mwenyewe uani. Mwezi wa Ramadhani muonjaji wake alikuwa Bwana Andrea, mgawa dawa wetu, ambaye ni Mkristo na hadi leo anadai kuwa huo ndio mwezi anaonenepa.

Lakini tunalotaka kulikumbuka zaidi si la kuchekesha, na yeye mwenyewe ameruhusu liandikwe.

Mwaka 1967 Mize, mama kijana wa kisiwa cha Tumbatu, alimleta mwanawe Mcha, wa mwaka mmoja na nusu. Mize alikuwa na mimba nyengine, na ziwa alishamwachisha mtoto. Miguu ya Mcha ilikuwa imevimba, nywele zimegeuka nyekundu, hachezi wala hali. Bi Tabia alimfundisha Mize tangu mimba ya kwanza, na katika maswali ya kliniki hakuna aliyejibu vizuri kumshinda. Basi siku ile hasira zilimpanda. Alimkaripia mbele ya kina mama waliojaa barazani, akamwambia mtoto anakufa kwa uvivu wake. Mize alimbeba mwanawe akaondoka, na wiki mbili hakuonekana.

Bi Tabia si mtu wa kukiri kosa upesi. Wiki ya tatu alivuka kwenda Tumbatu asubuhi, bila ya sare, akamtaka radhi. Mize akamwambia, "Bi Tabia, maneno yako yote nnayajua. Lakini nyumba hii mwenye upawa si mimi."

Mwenye upawa alikuwa mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi Kurwa, aliyewapakulia watu kumi na mmoja. Samaki walikwenda kwa wanaume waliotoka baharini; mtoto alipewa uji mtupu wa muhogo, kwani Bi Kurwa aliamini samaki humtia mtoto minyoo. Hakuwa mtu mbaya. Alishamzika mwanawe mwenyewe kwa minyoo, na mjukuu alikuwa akimkinga kwa namna aliyoijua.

Bi Tabia hakuhubiri. Alikaa kwenye mbuzi akakuna nazi, huku akimsikiliza Bi Kurwa akimweleza habari za yule marehemu mpaka akamaliza. Mcha kupelekwa hospitali mjini, bibi yake alikataa kabisa. Bi Tabia akaahidi kuleta dawa ya minyoo, kisha akamwomba Bi Kurwa jambo moja: vijiko viwili vya dagaa waliotwangwa katika uji wa mtoto, kila mlo, kwa siku kumi na nne. Kila baada ya siku mbili alivuka kumtazama. Siku ya nane Mcha alilia njaa. Bi Tabia alipotusimulia kilio hicho, machozi yalimtoka.

Mcha ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Nasi kliniki tuliyaacha yale maswali ya mafunzo, yaliyoitikiwa na kina mama kwa pamoja. Tukawa tunamuuliza kila mama nani anayepakua nyumbani kwake, na huyo naye tunamwita. Bi Kurwa alikuja, akawafundisha mavyaa wenziwe kwa Kitumbatu, wakamsikiliza kuliko walivyowahi kutusikiliza sisi. Wapo watoto tusiowawahi. Bi Tabia anawakumbuka kwa majina.

Sasa anahamia mjini, Mpendae, kwa binti yake, aliyejifungua mwezi uliopita. Binti tumeshamtahadharisha.

Bi Tabia, tunakushukuru kwa yote, hata makaripio. Mwenyezi Mungu akupe uzima na maisha mema, na usingizi wa asubuhi ulioukosa miaka yote hii.