Mbayuwayu Aangalie Mbele

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao ubavuni mwa gereji, na ndoo ya maji ya kusuuzia vikombe. Asubuhi hiyo Pasipoti, mpiga picha wa studio ya jirani, alikaa na kamera mapajani, uso umemshuka. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na bandeji ilikuwa inatolewa asubuhi hiyohiyo. Miaka mingi mama huyo, jirani wa gereji, alikuwa akimsikia mbayuwayu dirishani bila kumwona. Mwanawe akamwahidi: ukifungua macho tu, utakuta picha ya ndege wako, manyoya yote yanaonekana. Sasa kila picha ilikuwa ukungu mtupu.

— Huyu ni ndege au moshi? aliuliza Spana, fundi wa magari, akikikodolea macho kioo cha kamera.

— Aligeuka, Pasipoti akajitetea. Nilikuwa nasubiri aangalie mbele, masikio yote mawili yaonekane.

— Kwani anasafiri kwenda wapi?

Benchi zima likacheka, Pasipoti naye.

— Kasi ya shata umeweka ngapi? akauliza kinyozi wa jirani.

— Sitini. Ile ya studio. Wateja wangu wanatulia.

— Basi hapo ndipo ulipopotea. Mimi nikinyoa mtoto msumbufu, mkono unakuwa na mbio kumzidi yeye. Panda mpaka elfu mbili.

— Na fokasi iweke kwenye jicho lake, akasema muuza kahawa. Hata mteja namtazama macho nijue kama kikombe kimemkolea.

— Halafu usipumue, Spana akaongeza. Pumzi inatikisa lenzi.

— Na mapigo ya moyo je? wengine wakadakia.

— Ayasimamishe kidogo.

— Tena avae kijani, ndege adhani ni mti.

— Akija kutua kichwani mwake, atampigaje?

Hata hivyo Pasipoti alipandisha shata, akaongeza ISO ili picha isiingie giza, akaegemeza kiwiko begani kwa Spana, akamlenga ndege kwenye paa la gereji. Kinyozi akakinga jua kwa aproni. Wote wakabana pumzi, hata muuza kahawa. Kamera ikapiga mfululizo, na picha moja ikatoka kali: jicho linang'aa, unyoya mmoja mmoja. Sikio halikuonekana hata moja.

— Asanteni, ndugu zangu, akasema Pasipoti.

— Yule mama ametulea sote hapa, Spana akajibu.

Mama akafika, ameshikwa mkono na dada yake. Aliitazama picha muda mrefu, akamshukuru mwanawe, akawashukuru wote mmoja mmoja. Kisha akainua uso kwenye ukingo wa paa la gereji.

— Wako wawili, akasema. Yule wa pili mkia wake umepungua upande mmoja. Sasa anayeniamsha ni yupi?

Wote wakainua macho paani. Asubuhi nzima hakuna aliyejua kwamba wako wawili. Pasipoti alijisikia mwenye bahati kuliko mtu yeyote mtaani. Kamera akaiacha benchini.

— Sijui, mama. Hebu nionyeshe.

Mama akanyoosha kidole.