Verna Sawatzky na Wiki Mbili za Noelle

Verna Sawatzky, binti wa ukoo wa Hryciuk, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika shamba letu karibu na Ethelbert, Manitoba, wiki tatu kabla ya siku zake. Mama alikuwa akisema mtoto huyo hakuwa na subira hata tumboni. Mimi ninayewasomea, Lesia, ni mdogo wake. Maisha yangu yote nimemwambia akae chini, na hakukaa.

Alisoma Ethelbert, kisha mwaka 1976 akaenda Winnipeg kusomea fiziotherapia, tiba ya viungo. Mwaka wa mwisho alipelekwa hospitali moja kwa mafunzo ya vitendo ya wiki sita. Alipofika, hakuna aliyekuwa na habari naye. Kwa aibu ya kuuliza, alikunja mashuka wiki mbili nzima, na almanusura afelishwe kwa kutogusa mgonjwa. Jambo hilo lilimkaa rohoni. Ndilo lililomfanya awe yule msumbufu mliyemjua.

Alitibu wagonjwa Dauphin kuanzia 1980, na mwaka 1994 chuo kikampa kazi ya kuwatafutia wanafunzi nafasi za mafunzo. Kazi hiyo ni kuomba tu. Unawaomba watu waliochoka wampokee mgeni wa kufundishwa kila kitu. Asiyepokea simu, Verna alimfuata kwa gari, theluji ikiwa magotini. Kliniki moja alipanga foleni na wagonjwa hadi akaitwa ndani.

"Unaumwa wapi, mama?" meneja akauliza bila kuinua macho.

"Siumwi popote. Nina mwanafunzi hana pa kujifunzia, na sitoki humu."

"Jamani, Verna! Si nimekuchukulia wawili juzijuzi?"

"Na hawajakuvunjia kitu. Ongeza wa tatu."

Akaongeza.

Tarehe 2 Julai 1983 alifunga ndoa na Lorne Sawatzky, fundi umeme, mtu mpole kuliko sisi sote. Walipotimiza miaka ishirini na mitano walikwenda kupumzika Clear Lake, na njiani Verna akapitia hospitali tatu.

"Mke wangu, tumekuja kuvua samaki au kuomba nafasi?" Lorne alimuuliza.

"Wewe vua, baba. Mimi naomba."

Tarehe 9 Septemba mwaka huu, 2024, alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Wiki hiyohiyo mwanafunzi wake mmoja, Noelle Desjarlais wa St. Laurent, alikuwa amepoteza nafasi yake ya mwisho ya wiki sita, kwa sababu msimamizi aliacha kazi. Glenda, mtaalamu wa viungo wa wodi, alipokuja kumwinua Verna, alikutana na mkono wa kulia umenyooshwa kumzuia.

"Usiniguse mpaka uje na mwanafunzi."

"Mama Verna, hapa wewe ni mgonjwa. Hapa si ofisini kwako."

"Basi nitalala hivihivi."

Glenda alikubali wiki nne, kwa kuwa baada ya hapo likizo yake ya uzazi ilikuwa inaanza. Noelle alimfundisha dada yangu kutembea upya. Walifika hatua kumi na moja, na Verna alimkosoa katika kila moja. Tarehe 11 Oktoba Glenda akaondoka. Zikabaki wiki mbili. Jumatano tarehe 16, Verna alipiga simu tisa kwa mkono mmoja, na mara tisa akajibiwa, "Tutakupigia." Usiku kiharusi kilirudi, na Alhamisi asubuhi akafariki. Hakuna aliyepiga. Nimekasirika, na sioni aibu kusema.

Ameacha mume wake Lorne, binti yao Tamara, wajukuu wawili, mimi, na wanafunzi zaidi ya elfu mbili, ambao wengi wenu mmekaa hapa na mna kliniki zenu. Ameacha pia Noelle. Alama zake zisipofika chuoni kabla ya tarehe 15 Novemba, atasubiri mwaka mzima, na nyumba ya wazee kwao St. Laurent itampa kazi mtu mwingine.

Tutaimba, tutamzika, kisha tutakwenda ukumbini kula perogi, vile vitumbua vya kuchemsha vya viazi. Namba ya Noelle imechapwa nyuma ya karatasi hii, na mwenyewe ameketi safu ya pili, koti la kijani. Mimi nitasimama mlangoni. Mmoja wenu akimwambia, "Njoo Jumatatu," ndipo dada yangu atapumzika kwa amani.